Nilikata Chumvi, Nikaacha Sare

Nakumbuka siku moja, mwaka wa tatu wa ndoa yangu hapa Ipole, watoto waligoma kula. Mboga haikuwa na chumvi. Nilikuwa nimeamua kubana matumizi, na njia niliyoichagua ni kukata kila kitu nusu: chumvi nusu, sabuni nusu, mafuta ya taa nusu. Nikajiona mama mwenye akili kweli.

Mwanangu, sababu ya kubana nilikuwa nayo. Pesa ya tumbaku huingia mara moja kwa mwaka, na mwaka ule ilikuwa kiduchu. Mahindi ya ghalani yangeisha mvua ikiwa katikati, mimi na mume wangu tungelazimika kwenda kulima vibarua kwa majirani, shamba letu likimezwa na majani. Niliwaona waliofikia hapo, na niliogopa sana.

Mama mkwe alikuja siku hiyo hiyo, akaitikia shikamoo yangu, akaonja mboga. Akaniuliza, "Sare ya harusi ya Jumamosi umeshanunua?"

"Nimenunua, mama. Na mchango nimetoa."

"Na ile ya wiki iliyopita?"

"Nayo pia."

Unajua tulivyo huku: tumbaku ikilipwa tu, harusi zinafuatana. Mimi nilikuwa kwenye kamati tatu, na nilipenda kutajwa jina ukumbini. Vitenge vya sare nilikuwa navyo vinane, vingi nimevivaa mara moja tu.

Mama mkwe alikuwa mke wa mrina asali, na akikasirika sauti yake ilishuka. "Baba mkwe wako akifungua mzinga hakati kipande kwenye kila sega. Anatazama kwanza. Sega lenye watoto wa nyuki analiacha zima, la asali analitoa. Wewe umekata la watoto, la asali umeliacha kwa kuwa unaona haya kusema huna."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini wiki ile chumvi ilirudi jikoni, nami nikazunguka kamati zote tatu, nikasema mwaka huu nitakuja kupika na kuosha vyombo, pesa na sare sina. Kuna mmoja alicheka, acha acheke. Jioni wanawake wawili walinifuata nyumbani, nao wanataka kujitoa, kumbe walikuwa hoi kama mimi.

Mwaka ule sikuuza mahindi kulipia michango, na Januari ilipofika, ghalani bado kulikuwa na magunia manne! Tulipalilia tumbaku yetu kwa mikono yetu wenyewe. Mama mkwe alipopita akaona shamba safi, akapiga vigelegele peke yake barabarani, nami nikamjibu kutoka kwenye matuta. Sijawahi kufurahi hivyo kwenye harusi yoyote.

Basi mwanangu, wewe mwenye mshahara wa Tabora mjini na makundi ya harusi kwenye simu, ukitaka kurekebisha bajeti yako, usipunguze kila kitu kwa kipimo kimoja. Tazama mwezi mzima pesa inakwenda wapi, usiguse kitu. Kisha chakula, dawa na shule viache kama vilivyo, utafute kile kimoja kikubwa unachokilipia kwa ajili ya macho ya watu. Kikate hicho, na useme wazi.

Mungu akupe ujasiri wa kusema "sina" mbele za watu, na wanao walale wameshiba.