Kifutio cha Shemeji

Shemeji yangu, karani mstaafu wa posta, anakusanya vitabu. Usidhani ni msomi. Anakusanya vile vya zamani vya watoto, vyenye picha za wamisionari wa enzi za ukoloni: mzungu kasimama na kofia yake, babu zetu wamepiga magoti, midomo wazi. Mbwa wa mzungu ana jina. Wapagazi, kundi zima, hawana. Shemeji anaviita hazina. Kavivisha nailoni na kuvipa chumba chenye mwanga kuliko vyote, na dada yangu anashonea cherehani koridoni. Wajukuu hawaruhusiwi kuvigusa. Vitabu vya watoto, eti.

Dada ni mtoto wa mama mkubwa, aliyefariki siku ya kumzaa. Mama yangu ndiye aliyetulea sote wawili. Dada hana picha ya mama yake, hana nguo yake, hajawahi kuona hata mwandiko wake.

Mwaka jana mama alipekua sanduku bovu akakuta kitabu cha marehemu cha utotoni, cha aina hiyohiyo. Chini ya kila mpagazi, marehemu alikuwa ameandika jina kwa penseli: wajomba zake, jirani, hata muuza maziwa. Mama alimpigia dada simu akamsimulia, na dada alishinda akiimba kwenye cherehani.

Shemeji akajitolea kwenda kukichukua. Yeye, ambaye hajawahi kumchukulia mkewe hata dawa! Akajifungia nacho wiki nzima, anakitengeneza. Jumapili nilikuwapo alipokitoa, kifua mbele.

"Kilichafuliwa vibaya," alisema. "Nimekifuta ukurasa kwa ukurasa. Sasa ni kama kipya."

Dada akamuuliza majina yako wapi. Akajibu kwamba mkusanyaji wa maana hataki kurasa zenye makorokocho ya watoto. Alikuwa ameambiwa ni mwandiko wa nani. Hakusikiliza, kwa kuwa aliyemwambia ni mkewe tu. Nimemdharau mtu huyu miaka mingi, lakini siku ile niliona nilikuwa namdharau kwa kipimo kidogo mno.

Dada hakulia. Alikichukua kitabu, akasogea dirishani, akakiinamisha kwenye mwanga na kupitisha kidole polepole chini ya wapagazi, akitafuta mahali penseli ilipokandamiza karatasi.

"Nawa mikono kwanza," shemeji akamwambia.