Ngitili Haina Kisanduku

Juzi, katika ofisi moja hapa Bariadi, mama mmoja wa Mwamapalala alikuja kuandikisha ngitili ya ukoo wao, yaani lile eneo la nyasi linalofungwa masika ili ng'ombe wapate malisho kiangazi. Afisa hakuinua hata macho kutoka kwenye kompyuta.

“Ni uoto wa asili au eneo la mila? Mfumo unataka kimoja.”

“Nyasi kaotesha Mungu, kufunga tunafunga sisi. Andika vyote.”

“Haiwezekani, mayu,” akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. “ Basi naandika pori lisilo na matumizi, litafutiwe mwekezaji.”

Mama akafunga khanga yake upya kiunoni, taratibu kabisa.

“Andika, mwanangu. Ila wale ng'ombe wako ninaokuchungia, uje uwachukue leo. Watakufa njaa kwenye pori lisilo na matumizi.”

Afisa akaondoa vidole kwenye kibodi. Kisha akamvutia mama kiti, kwa adabu ambayo sisi wa kwenye foleni hatujawahi kuiona pale.

“Kaa, mayu. Ngoja niulize kama mfumo unaweza kuongezewa kisanduku.”

Wataalamu husema elimu ya mazingira huchukua miaka kumwingia mtu. Huyu ilimwingia papo hapo, kupitia tumbo la ng'ombe wake.