Bi Ashura Achagua Kijiko

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bi Ashura kilikuwa kamba. Kamba ya katani yenye mafundo mawili, ameizungusha kiunoni juu ya kanga kama mkanda. Aliponiona naitazama akasema, "Fundo hadi fundo ni upana wa mlango wa banda langu, bwana shamba. Twende Kibaha."

Bi Ashura anafuga kuku wa nyama elfu tatu kijijini Chole, Kisarawe. Kila kundi likiuzwa, vibarua humaliza siku kumi na mbili wakitoa mbolea kwa koleo. Mara ya mwisho vifaranga alivyoagiza walipewa wafugaji wengine, banda likiwa bado chafu. Safari hii aliapa kununua mashine iliyotumika, ile ndogo yenye kijiko mbele, inayogeuka papo hapo iliposimama, ianze kazi kabla vifaranga vya mwisho wa mwezi havijafika.

Kwenye yadi moja kando ya barabara ya Morogoro, muuzaji, kijana aitwaye Eliya, alimwamkia kwa adabu zote, akatupeleka moja kwa moja kwenye mashine ya njano iliyong'aa rangi mpya. Jirani yake ilikuwepo nyingine, imepauka, ina mikwaruzo kama mbuzi aliyetoka miibani.

Bi Ashura alifungua mlango wa nyuma wa ile ya njano, akagusa injini.

"Mbona ina joto, mwanangu?"

"Tuliiwasha kidogo tu, mama, isikusumbue."

"Mgonjwa akinawishwa uso kabla daktari hajafika, ujue lipo jambo."

Akaagiza vijiko vyote viwili vijazwe mchanga, viinuliwe, injini zizimwe. Akapima kwa kamba kutoka chini hadi kwenye kijiko, akatia alama kwenye kamba kwa mkaa. "Sasa tukanywe chai."

Eliya hakuimaliza yake. Tuliporudi, kijiko cha njano kilikuwa kimeshuka shubiri nzima. Kile kilichopauka hakikusogea hata ukucha.

"Mrembo wako mikono imemlegea!" Bi Ashura alicheka.

"Mama, haya umesomea wapi?"

"Kwenye koleo, baba. Miaka tisa."

Eliya alimwonyesha namna ya kushika zile fimbo mbili za kuiendeshea, naye akaizungusha ile kukuu mara tatu palepale, ushungi unapepea, anapiga vigelegele mwenyewe. Nilitaka kupiga kelele apunguze, nikajikuta napiga makofi.

Kisha akashuka, akapima upana wa zote mbili. Ile kukuu ilizidi mlango kwa vidole vinane. Ile ya njano ingepita bila shida. Alizitazama zote mbili, akatoa simu, akampigia mumewe, Mzee Omary.

"Baba Latifu, chukua sururu. Bomoa mlango wa banda, vidole vitano kila upande."

"Ashura! Unaleta mashine au treni?"

"Naleta mke mwenzangu. Muandalie njia!"

Leo ni Alhamisi. Kazi imemkolea Mzee Omary, amebomoa karibu ukuta wote wa mbele, na anasema hataki mgeni ajikwaruze. Bi Ashura amekaa kwenye kigoda uani, mwiko huku, mwiko kule, anafanya mazoezi ya kugeuka. Lori litaileta Jumamosi saa mbili asubuhi. Ameniambia nifike saa moja, naye atakuwa barabarani tangu alfajiri.