Hadi Kwenye Sanduku la Barua

Nilikwenda shamba kwa sababu nilikuwa nimechoka kumdanganya mama yangu. Kila Jumapili nikimpigia simu kwetu Makete huniuliza nakuja lini, nami humjibu, "Mwaka huu, Mungu akipenda." Mungu nimemsingizia miaka kumi na mmoja. Mwanzoni karatasi za ukaazi zilinizuia kweli, hata baba akazikwa nikiwa hapa ughaibuni, Brooklyn Center, Minnesota, natazama mazishi kwenye simu. Lakini karatasi nilizipata miaka miwili iliyopita. Kilichobaki ni woga. Niliogopa kumkuta mama amezeeka, na niliogopa kusimama kwenye kaburi la baba nikiwa nimechelewa kiasi hicho. Sasa msimamizi wangu wa maabara alitaka tarehe za likizo ifikapo Jumatatu. Fomu ilikuwa ndani ya mkoba wangu, tupu.

Ijumaa saa nne asubuhi Zuhura alinipitia. Ni rafiki yangu tangu chuo, mtoto wa Tanga, anakaa Richfield, na baridi hajaizoea hadi leo. Alikuwa amevaa makoti mawili. Yeye ndiye aliyeitafuta nyumba ya kupumzikia, na masharti akanipa kabla sijafunga mkanda.

"Wikiendi hii mimi si-shovel theluji ya mtu. Wewe wa Makete, baridi ni ndugu yako, koleo utashika wewe."

Nikamwambia watu wa pwani tunawajua, hata ukungu wanaufungulia mwavuli. Tulitaniana hivyo hadi miji ikaisha.

Tulikwenda kusini mwendo wa saa mbili. Mashamba ya mahindi yalikuwa yamevunwa, mabua yanachungulia juu ya theluji. Zuhura alilalamika kwamba hakuna cha kutazama. Mimi nilitazama. Vile vilima vyeupe, na moshi juu ya paa mojamoja, vilinirudisha kwenye asubuhi za kwetu jalidi inapolala juu ya viazi na kuunguza majani. Nilimkumbuka mama.

Saa sita mchana tulipokewa na Marlene, mjane wa miaka sabini na kitu anayeishi peke yake. Nyumba yake ya wageni iko ng'ambo ya shamba, kama dakika kumi kwa miguu. Alitupa ufunguo, akatuonyesha hita, akatuonya tusikanyage barafu ya kijito. Alasiri tulizunguka msituni tukifuata nyayo za kulungu, Zuhura akiuliza kila baada ya hatua ishirini kama hatujafika.

Jumamosi asubuhi tulitembelea kijiji. Kina kanisa moja, duka moja na mgahawa mmoja. Zuhura alimsalimia kila tuliyepishana naye, akamwuliza watu wa nyumbani kwake wanaendeleaje. Wenyewe walishtuka kwanza, kisha wakajibu kwa kirefu. Mgahawani mkulima mmoja mzee aliniuliza kama nilijua baridi kabla ya kuja Minnesota. Nilipomweleza habari za jalidi ya Makete alisogeza kiti, tukaongea viazi nusu saa nzima. Mwishoni akauliza nani anavilima sasa. Nikasema mama yangu. Akauliza, peke yake? Nikaomba kahawa nyingine.

Saa tisa alasiri Marlene alitualika kwake, tukaenda kwa miguu. Alitupa keki ya tufaha na kutuonyesha picha ya mwanawe, aliyehamia Arizona. Saa kumi na nusu alijipiga magotini kwa viganja akasema, "Haya basi." Ishara hiyo tunaijua, na akufukuzaye hakwambii toka. Tukavaa makoti, tukasimama mlangoni.

Naye akasimama. Akafungua mlango. Sisi tukangoja avae koti, yeye akangoja tutoke, na baridi ikaingia ndani. Akadhani tumesahau kitu, akarudi jikoni akatuletea mfuko wa biskuti. Tukashukuru, tukaendelea kusimama. Mjini tunaingia garini na kuondoka, kwa hiyo jambo hili halijitokezi. Lakini hapa tulikuwa tumekuja kwa miguu, na miguu ikakumbuka kwao.

"Bibi," Zuhura akasema hatimaye, "kwetu mgeni husindikizwa. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Niliona aibu, nikaanza kumwomba radhi. Marlene aliitazama theluji. Alisema mwanawe amemkataza kuvuka baraza wakati wa barafu. Kisha akachukua koti na fimbo yake. Tukamshika mkono, mmoja huku mmoja huku, tukaenda polepole hadi kwenye sanduku lake la barua, pale njia ya nyumbani kwake inapokutana na barabara kubwa. Hapo akasimama.

"Mwanangu alipohama tuliagana mlangoni," alisema. "Aliniambia, Mama, usitoke, kuna baridi. Nikamsikiliza. Nilitazama gari lake kupitia dirisha, likafika hapa, likapinda." Alipangusa theluji juu ya sanduku kwa glovu yake. "Ningetembea tu."

Mama yangu alitembea. Siku niliyoondoka kuja huku alinisindikiza alfajiri hadi stendi, begi langu kichwani kwake, amevaa sweta la baba lililotoboka kiwiko. Wenzangu wa shule walikuwa pale, nikamwonea aibu. Nikamwambia, "Mama, rudi, kuna baridi." Nilimwambia mara tatu. Hakurudi, alisimama mpaka basi likaondoka. Miaka yote nimejisimulia kwamba nilikuwa namhurumia, kumbe nilikuwa nalikwepa lile sweta. Nililia pale pale, na Zuhura akanishikia mfuko wa biskuti.

Jua lilikuwa linazama, kwa hiyo tulimrudisha Marlene hadi mlangoni kwake. Akataka kutusindikiza tena. Zuhura akamwambia huo sasa ndio mchezo wa kwetu, watu husindikizana hadi chakula kinaungua jikoni. Jioni hiyo niliijaza fomu, mwezi wa sita, wiki nne.

Jumapili saa tatu asubuhi tulianza kurudi. Nilimwomba Zuhura asimamishe gari kwenye lile sanduku la barua, nikapiga simu. Kwetu ilikuwa jioni. Nilimwambia mama nakuja mwezi wa sita, na safari hii sikumtaja Mungu. Nikasikia kuni zikilia motoni.

"Utashukia wapi?" akauliza.

"Stendi, mama. Palepale."

"Basi nitakuja kukupokea. Mguu unanisumbua siku hizi, lakini nikianza alfajiri nitafika."

Mwezi wa sita ndio mwezi wa jalidi. Kuna mguu, kuna mteremko wa kwenda stendi, kuna giza la alfajiri. Sababu za kumkataza zote nilikuwa nazo mdomoni.

"Njoo, mama," nikamwambia. "Uvae lile sweta la baba."