Waya Mkononi mwa Swaka

Mume wangu ni mwoga. Nasema mimi Scovia, mke wake, niliyemzalia watoto na kuwalea mpaka wakaoa na kuolewa, kwa hiyo mtu asinibishie. Watu wa gereji pale Onduparaka, hapa kwetu Arua, wanamwita Fundi Woga mbele ya uso wake, naye anaitika, "Niko," kana kwamba padri ndiye aliyembatiza hivyo. Jina lake ni Swaka. Kazi yake ni nyaya za magari. Siku timu ya Onduparaka ikicheza, gereji nzima inahamia uwanjani, spana zinatupwa, wateja wanaachwa midomo wazi. Yeye anabaki akinusa gari moja moja. Ndiyo, ananusa! Nikimpelekea chai namkuta pua iko chini ya usukani.

Zamani na mimi nilikuwa namcheka. Halafu akaniambia, mara moja tu, na hajarudia tena. Walipokuwa wanakimbia vita upande wa Sudan, yeye akiwa kijana, lori walilopanda lilianza kutoa harufu ya plastiki. Dereva akasema ni breki, twende. Swaka alikuwa ameisikia harufu ile kabla ya wote, akanyamaza, asije akaambiwa ni mtoto wa mama. Lori liliposimama kidogo akashuka kujisaidia. Kakaye Celestino alikuwa amelala juu ya mizigo. Moto ulitoka chini ya dashibodi, na Celestino hakushuka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku hiyo sikumcheka tena. Haya, nilimcheka kidogo.

Ndiyo maana ana desturi yake ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Akishafunga nyaya mpya kwenye gari, safari ya kwanza lazima apande yeye, mbele, kando ya dereva. Ule waya mkubwa unaotoka kwenye betri anaupitisha ndani, chini ya dashibodi, anaushika mkononi njia nzima. Ukipata joto, anasema simama. Na kule kwenye betri, kichwa cha waya hakikazi kwa spana. Anakibana kwa vidole tu, ili moto ukitokea akinyofoe mara moja. Safari ikiisha salama ndipo anakaza, anafunika, anamkabidhi mwenye gari mali yake. Wenzake wanacheka mpaka wanashika mbavu. Yeye anawajibu, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," anaendelea kunusa.

Basi mwaka huu akaja Afande Obitre, mwanajeshi mstaafu wa Koboko, na Pijo yake ya zamani. Gari ile ingekuwa mtu, ingekuwa na vitukuu. Afande anaipangusa vumbi kila asubuhi kabla hajanawa uso wake mwenyewe. Feni yake ya asili, ile inayozungushwa na mkanda wa injini, ilikuwa imevunjika mapanga, na nyingine haipatikani. Kilima kidogo tu, gari inachemsha. Swaka akatoa feni mbili za umeme kwenye gari ndogo iliyokuwa imepata ajali, akazifunga mbele ya rejeta, ile inayopoza maji ya injini, akaweka swichi kwenye dashibodi, akaweka fyuzi kubwa ya kubeba feni zote mbili. Waya mkubwa aliununua sokoni. Kwa nje ulikuwa mnene kama kidole. Kumbe unene wote ule ni plastiki, shaba ya ndani ilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea viatu, lakini hilo tulikuja kulijua baadaye.

Siku ya kumrudishia Afande gari alikuja kuiendesha mwenyewe, na mimi nilipanda nyuma, maana binti yetu Lako ameolewa Lobule, kijiji kilicho mbele ya Koboko, na alikuwa karibu kujifungua. Njia ya lami ilitupeleka vizuri mpaka Koboko. Feni zilizunguka kidogo, zikazimwa, na waya haukupata joto hata chembe. Tulipofika kwa Afande, Swaka akatoa spana ili akakaze kile kichwa cha betri. Hajafungua boneti, simu yangu ikalia. Alikuwa Soka, mume wa Lako.

"Mama, Lako anatoka damu," akasema. "Tangu asubuhi mtoto anakataa kutoka. Ambulensi imeenda na mgonjwa mwingine, na kwa pikipiki ya boda hawezi kukaa. Kuko gari?"

Sauti yake ilisikika mpaka nje ya simu. Nikamtazama Afande, na wala sikuhitaji kumwomba.

"Panda!" akasema Afande.

"Afande, hii bado iko safari ya kwanza," Swaka akasema. "Mimi napenda kujaribu barabara ya lami kwanza, pole pole..."

"Basi panda na waya yako!"

Akapanda. Ni mtoto wake.

Lobule tulimkuta Lako amelala juu ya mkeka, midomo imekuwa ya kijivu. Nimezaa, nimezalisha jirani, naijua damu ya kawaida. Ile haikuwa ya kawaida. Tukambeba na Soka, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, na Soka akajikunja chini kushikilia miguu yake. Afande akaondoa gari. Barabara ya vumbi ina mawimbi, gari inatetemeka mpaka meno yanagongana, na kila ikiruka Lako analia. Halafu katikati ya mashamba ya mihogo, gari ikazima. Pap! Kimya.

Nilisikia Lako anavyohema. Sikusikia kitu kingine.

Swaka akaruka chini, akafungua boneti. "Kichwa imechomoka," akasema. Kile kichwa cha betri alichokibana kwa vidole, barabara ilikuwa imekirusha. Nilimwona kupitia dirisha, kando ya boneti, spana mkononi, amesimama tu.

"Baba Lako, kaza!" nikapiga kelele.

"Nikikaza, Mama Lako, moto ikitokea sitaweza kutoa haraka."

"Kaza wewe! Mtoto anakufa!"

"Baba," Lako akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Akakaza. Spana ilikuwa inagonga chuma, cheche zinaruka, naye anafumba macho na kuzungusha, mpaka spana ikagoma kuzunguka. Akafunga boneti, akapanda, akashika waya wake. Afande akawasha. Gari ikaitika mara ya kwanza.

Sasa tulikuwa tunapanda kilima, watu watano, jua kali, na feni zinazunguka bila kupumzika. Mimi nilikuwa nabana kitenge mahali pa damu, kitenge kimelowa, nimechukua kingine. Niliogopa, wacha niseme wazi. Niliogopa kumtazama usoni nikakuta ameshakwenda. Ndipo nikasikia harufu ya plastiki.

"Harufu gani hiyo?" nikauliza.

"Breki hiyo," akasema Afande.

Neno lile lile la dereva wa lori! Nikatazama shingo ya mume wangu, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola.

"Baba Lako, waya iko moto?"

Hakugeuka. "Iko baridi."

Akanyoosha mkono, akazima feni. Mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu, mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Akawasha tena. Nilimwona anahamisha waya kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, kisha tena kulia, midomo inacheza. Nikajua anasali. Na mimi nikatulia, Mungu anisamehe, nikatulia kabisa. Kama Swaka anasema baridi, basi ni baridi. Mtu huyu anashuka garini kwa harufu ya mahindi ya kuchoma!

"Iko baridi, Baba?" Lako akauliza, macho yamefumbwa.

"Iko baridi, mama. Lala."

Koboko, kwenye lango la hospitali, Afande alipiga honi mpaka wauguzi wakatoka mbio na machela. Nikakimbia nao. Mlango ukafungwa usoni pangu, nikabaki nje na Soka, mikono yangu imekauka damu, sithubutu kunawa. Nilikaa pale nikihesabu wafu wetu wote, nikiwaomba mmoja mmoja wasimwite. Hatimaye mlango ukafunguliwa, na kabla muuguzi hajasema kitu nikasikia mtoto analia kwa hasira. Msichana. Na Lako?

"Mama yake yuko. Ameongezewa damu. Mtamwona."

Nikatoka mbio kumtafuta Swaka. Pijo ilikuwa pale pale langoni, boneti wazi, betri imewekwa chini kwenye nyasi. Waya ule alikuwa ameung'oa wote. Ulikuwa umelala vumbini, plastiki imeyeyuka na kushikamana kama ubani, mahali pengine shaba iko wazi, imekuwa nyeusi. Afande Obitre alikuwa amesimama mbali, kofia mkononi.

Swaka alikuwa ameketi kando ya gurudumu.

"Msichana," nikamwambia. "Wote wazima."

Akaitika kwa kichwa. Akataka kujifuta uso, ndipo nikaona viganja vyake. Katikati ya kila kimoja, kutoka kidole cha shahada mpaka kwenye kifundo cha mkono, ngozi ilikuwa imeinuka malengelenge, mstari mmoja ulionyooka.

"Ulisema iko baridi," nikasema.

"Ndiyo."

"Tangu wapi, Swaka?"

"Tangu pale kwenye mihogo." Akanitazama, macho mekundu. "Mama Lako, ningesema iko moto, gari ingesimama. Lako ungempeleka na nini?"

Nikamshika kwenye kiwiko, kwa sababu mikononi hakukuwa na mahali pa kumshika, tukaingia ndani kumwona mtoto.