Kumfungua Nisiyemfunga

Daktari wangu ni kijana mpole, na kwa upole wake alinipiga marufuku hasira. Alisema presha yangu haivumilii tena kelele zangu. Nikamwambia chumvi nimeacha, nyama ya kuchoma nimepunguza, sasa na hasira pia? Akacheka, akaniandikia dawa nyingine. Ndiyo maana asubuhi ile, nilipozunguka nyuma ya nyumba nikakuta kamba imekatwa na ng'ombe hayupo, nilifanya jambo ambalo hapa Kiseke hakuna aliyewahi kuniona nikilifanya. Nilinyamaza.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa dume zuri la mnadani, tulilolinunua kwa ajili ya sherehe ya mjukuu wetu. Mama yake, binti yangu, alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na mimi na mke wangu ndio tuliomlea. Mwaka huu amemaliza kidato cha sita, wa kwanza katika nyumba yangu. Shuleni walishafanya mahafali yao na picha wamepiga, lakini kwetu mahafali hasa ni Jumapili ya shukrani kanisani. Siku hiyo wahitimu wote wa usharika hupita mbele na majoho yao, shingoni wamevishwa yale maua ya kumetameta, na mzee wa kanisa mmoja huwapitia kichwa kwa kichwa akiwawekea mikono na kuwaombea. Mzee huyo kwa miaka mingi nimekuwa mimi. Nimeombea watoto wa watu mpaka baadhi yao wameniletea watoto wao. Mwaka huu kichwa cha mjukuu wangu mwenyewe kingekuwa chini ya mikono yangu, na niliisubiri Jumapili hiyo kama mtoto anavyosubiri nguo ya Krismasi. Sioni aibu kusema hivyo.

Majirani walikuja kunipa pole. Nadhani walikuja pia kuniangalia nikifoka, maana mimi ndiye niliyewahi kumkimbiza mwizi wa kuku mpaka juu kwenye mawe nikiwa nimejifunga taulo tu. Safari hii walinikuta nimekaa kwenye kigoda, nakunywa uji.

"Sasa mzee, unafanyaje?" jirani mmoja aliniuliza.

"Namwachia Mungu," nikasema, nikaendelea na uji wangu.

Nilikuwa na maana hiyo hiyo niliyoisema. Wao wakatazamana, wakaaga mapema.

Kesho yake nikavuka ziwa. Dada yangu mkubwa anaishi upande wa pili, na ni mtu asiyekubali kualikwa kwa simu, eti simu ni ya kuulizia bei ya dagaa. Nikapanda kivuko, nikamwalika kwa mdomo wangu, akafurahi, akanipa kibuyu cha samli kwa ajili ya pilau ya mtoto. Mfuko hana. Alikifunga kibuyu kwa kipande cha kaniki, akanionya nisikiinamishe. Basi nilirudi nimekipakata njia nzima, kwenye kivuko, kwenye gari, na jua la saa saba nikakatiza nacho mtaani kwetu nimekikumbatia kifuani. Watu waliokuwa wamesimama njiani walinipisha. Nilidhani ni heshima.

Yeyote aliyekulia huku kwetu ameshaelewa kilichotokea, isipokuwa mimi sikuelewa. Mtu akiibiwa akapiga kelele, watu wanajua yataishia kwenye kelele. Akiibiwa akatulia, halafu akavuka maji, halafu akarudi na kibuyu ndani ya kitambaa cheusi, nani atahangaika kumwuliza alikwenda kwa nani? Tunasimuliana habari za wezi waliofungwa na waganga: aliyefuatwa na nyuki mpaka kituo cha polisi, aliyevimba tumbo mpaka akarudisha televisheni aliyoiba. Siwezi kusema nimeona hata moja. Nilibatizwa nikiwa mdogo na kwa mganga sijawahi kukanyaga. Lakini mtaa hauna kawaida ya kukagua vyeti vya ubatizo.

Asubuhi iliyofuata jua lilikuwa halijachomoza vizuri mke wangu aliponiita kutoka nje. "Baba, njoo uone."

Ng'ombe wetu alikuwa amefungwa getini. Amefungwa kwa kamba mpya, nzuri kuliko ile yangu iliyokatwa. Mbele yake kulikuwa na furushi la majani mabichi na karai la maji. Mke wangu alimzunguka, akamkagua kama anayetaka kumnunua upya.

"Mwizi huyu amelelewa vizuri," akasema.

Tulicheka mpaka mjukuu akaamka. Nikamshukuru Mungu kwa moyo wangu wote, nikaamini kuwa maombi yangu yamejibiwa haraka kuliko nilivyozoea. Ilipofika mchana akaja bwana mmoja aliyeibiwa pikipiki, akanivuta pembeni na kuninong'oneza: "Mzee, na mimi nielekeze huko ng'ambo." Hapo ndipo akili ilipofunguka. Nilimfukuza, presha au si presha.

Wiki moja baadaye alikuja mama mmoja jirani, mjane, muuza dagaa, ambaye tunasali naye. Alipiga magoti sebuleni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Inuka mama, sakafu ya baridi hiyo."

"Siinuki mpaka umfungue mwanangu."

Mwanawe ni fundi wa kuchomelea, ana karakana yake ndogo Mabatini, mtu mzima mwenye mke na watoto. Geti langu ni kazi ya mikono yake. Mama alisema mwanawe ndiye aliyemchukua ng'ombe, kwamba kuna mtu wa bucha alimshawishi, kwamba siku waliponiona na kile kibuyu alitetemeka mpaka akakaa chini. Akamrudisha ng'ombe, akafikiri yameisha. Hayakuisha. Tangu hapo hali chakula, hata maji anayatema. Hospitali wamempima hawakuona kitu. Anasema anasikia kamba imemzunguka tumboni, na kila kukicha inakazwa.

"Mama," nikasema, "ile ni samli. Njoo uione kwa macho yako."

Nikampeleka jikoni, nikafungua kaniki, nikang'oa kizibo. Harufu ya samli ikajaa jiko zima. Yeye alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akajiziba uso kwa khanga. "Funika, baba. Nakuomba, funika."

Nikafuatana naye kwenda kwao. Sitasema nilikwenda kwa huruma. Nilikwenda nimekasirika, nimemwandalia yule fundi maneno makali kuhusu mtu anayekula ugali kwangu Pasaka halafu anakata kamba yangu. Maneno hayo niliyameza mlangoni. Alikuwa amelala kwenye mkeka, yale mabega mapana yamebaki mifupa, midomo imepasuka. Mkewe alikuwa amekaa pembeni na kikombe cha maji ambacho hakikunywewa.

"Sikukufunga," nikamwambia. "Mimi sina uwezo huo wala siutaki. Ng'ombe amerudi, nimekusamehe, yameisha."

Machozi yakamtoka. "Mzee, najua huruhusiwi kusema. Nimekosa. Ilikuwa tamaa."

Nikamwombea. Niliomba kwa nguvu, kama ninavyojua kuomba, mpaka jasho likanitoka. Nilipomaliza aliniangalia kwa adabu sana, akasema, "Asante mzee. Bado inabana."

Nilikaa pale nikimtazama. Ukweli nilikuwa nimeshamwambia, na haukumfaa kitu. Sala nilikuwa nimeshaiomba. Mbele yangu palikuwa na mtu anayekufa kwa ajili ya samli ya dada yangu, na mtu pekee ambaye yeye aliamini anaweza kumwokoa nilikuwa mimi, kwa njia ambayo sikuwa nayo.

Nikaomba bakuli la maji. Nikachovya mkono, nikauweka juu ya tumbo lake, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje: "Nilichokufunga nacho, nimekifungua. Inuka ule."

Alivuta pumzi ndefu, mkewe akashtuka akidhani ndiyo ya mwisho. Kisha akaomba uji. Alikunywa kikombe kizima akaomba kingine, na mama yake alitoka nje akalia kwa sauti. Mimi nilirudi nyumbani polepole. Nilikuwa nimefurahi na nimechafuka kwa pamoja, na mpaka leo sijui kipi kilizidi.

Kesho yake jioni mchungaji alifika. Ni kijana kwangu, mtu wa kutoka Bukoba, mwenye kicheko cha karibu. Nilimsimulia yote bila kuficha. Alicheka, akaomba aonje samli, akaisifu. Halafu akafuta vidole.

"Mzee wangu, mimi nakuamini. Lakini baraza la wazee limekaa. Watu wanasema unafunga watu katikati ya wiki na Jumapili unawabariki watoto wao. Kwa mkono huo huo."

"Sasa mnataka nini?"

"Kitu kidogo. Jumapili, kabla ya wahitimu kuombewa, nitakupa kipaza sauti. Useme hukumfunga mtu, wala hukumfungua, yale yalikuwa maneno tu ya kumtuliza mgonjwa. Basi. Ukishasema, utaendelea na kazi yako kama siku zote."

"Nisiposema?"

Aliangalia chini. "Ataomba mzee mwingine. Wewe utapumzika nyuma, mpaka tutakapoelewana."

"Na fundi atakuwepo?"

"Atakuwepo. Mama yake anamleta kutoa shukrani."

Mjukuu wangu alisikia yote, alikuwa chumba cha pili anapiga pasi joho lake. Mchungaji alipoondoka alikuja akakaa miguuni pangu, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

"Babu, si useme tu ukweli? Mimi nataka uniombee wewe."

"Nitasema," nikamjibu, na nilikuwa nimedhamiria. Nilikuwa nimesema uongo mbele ya mgonjwa, ni haki niusahihishe mbele ya kanisa. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyowafundisha wengine. Wiki yote nilijiambia kwamba yule fundi sasa anakula, ana nguvu, atalipokea kama mtu mzima. Nilimwuliza Mungu kama ni kweli. Hakunijibu, na mimi sikurudia swali, labda kwa kuogopa jibu.

Jumapili ilikuwa nzuri. Matarumbeta yalipigwa kuanzia barabarani, kina mama walivaa sare, mke wangu alikuwa amekwenda mpaka Mirongo kuchagua maua, akarudi na mengi mpaka kidevu cha mtoto kikazama. Dada yangu alikuwa amevuka, amekaa mstari wa mbele utafikiri yeye ndiye anayehitimu. Wahitimu wakaitwa, wakapiga magoti mbele ya madhabahu, wadogo wa darasa la saba upande mmoja na wakubwa upande wa pili. Mjukuu wangu alikuwa wa mwisho pembeni, karibu kabisa na mahali niliposimama. Kisha mchungaji akanipa kipaza sauti, akanitikisia kichwa.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!"

"Ndugu zangu, nina neno la kusema."

Fundi alikuwa benchi la tatu, kando ya mama yake. Shati lilikuwa bado linampwaya. Aliniangalia mdomoni, na niliona mkono wake ukipanda taratibu, ukatua tumboni, ukabaki hapo umekandamiza. Midomo yake ilikuwa imeanza kukauka tena, au mimi ndiye niliyeiona hivyo. Kama sikumfungua, basi bado amefungwa. Hesabu yake ilikuwa rahisi hivyo, na aliisoma usoni pangu kabla sijalitamka neno lenyewe.

Nilimtazama mjukuu wangu. Alikuwa ameinua kichwa, ananisubiri. Kisha akageuka kufuata macho yangu, akamwona yule mtu na mkono wake. Alikaa hivyo muda. Aliponirudia alikuwa na machozi, akainamisha kichwa chini kabisa, akafumba macho.

"Neno langu," nikasema, "ni kumwomba mzee mwenzangu awaombee watoto hawa. Mimi leo nitakaa nyuma."

Nikamkabidhi kipaza sauti. Minong'ono ilinifuata kila benchi nililopita, na mchungaji aliita jina langu mara moja, kwa upole, halafu akaacha. Niliketi benchi la mwisho karibu na mlango. Roho iliniuma, siwezi kuficha. Nilimwonea wivu yule mzee mwenzangu, wivu wa wazi, nilipomwona anakwenda kichwa kwa kichwa na mimi najua kinachofuata ni kipi. Alipofika kwa mjukuu wangu aliweka mikono yake miwili na akaomba kwa utulivu, akamtaja mama yake marehemu, jambo ambalo mimi nisingeliweza bila sauti kukatika. Aliomba vizuri.

Aliposema Amina, nilijibu kwa nguvu mpaka watu wa mbele wakageuka kuniangalia. Fundi naye aligeuka. Alikuwa amesimama pamoja na kanisa zima, na mikono yake yote miwili ilikuwa juu, anawapigia makofi watoto.