Sentensi za Papa Djafari

Papa Djafari alifundisha Kiingereza miaka thelathini na moja katika shule za sekondari za Kalemie, ingawa hakuwahi kuishi kwa watu wanaokizungumza. Alikipata redioni na katika vitabu vilivyovuka ziwa kutoka Kigoma. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake.

Alipostaafu, watu walimwendea awaandikie barua za Kiingereza. Sentensi zake nzuri alizitunza ndani ya daftari la kijani. Alipenda kuanza sentensi tatu kwa neno lilelile, na alipenda sentensi ndefu inayopanda polepole, kisha fupi ya kuikata. Lakini hazina yake ilikuwa swali lisilongoja jibu: ni mama gani asiyemlilia mtoto wake? Kwake, sentensi nzuri ilikuwa kama methali. Haichakai kwa kutumiwa na wengi.

Mwaka juzi alikuja Mama Bertille wa Zongwe. Binti yake, Précieuse, alimpotea vitani akiwa na miaka minne, akalelewa na familia nyingine iliyokwenda naye Kanada. Sasa alikuwa amepatikana, ingawa Kiswahili kilikwisha kumtoka. Mama alitaka kuiomba ofisi ya uhamiaji ya huko ruhusa ya kumfuata.

"Andika tu nilimutafuta," alisema. "Nilimutafuta Moba, nilimutafuta Kabalo, nikauliza kila mashua."

"Mama, hayo njo maneno ya sokoni. Kwa biro kubwa ya serikali, maneno yanavaa koti."

"Uyavalishe basi, Papa. Lakini koti lisinimeze."

Wakacheka, naye akafungua daftari.

Jibu lilichukua miezi saba. Papa Djafari alilisoma kimya, kisha akamtafsiria lote bila kuficha. Ofisi ile ilikuwa imepokea barua saba kutoka Kalemie, za watu saba tofauti, zenye sentensi zilezile. Haikuweza kuamini kwamba masimulizi yalikuwa ya Mama Bertille mwenyewe. Ombi limekataliwa.

Mama Bertille aliichukua ile karatasi.

"Ile ya Kabalo uliiandika?"

"Hapana, Mama."

"Na mashua?"

"Hapana."

Papa Djafari aliandika rufaa siku hiyohiyo, safari hii kwa maneno ya mama mwenyewe, akiyafuata moja moja. Nilimsaidia kuipiga chapa. Ni barua bora kuliko zote alizowahi kuandika. Ilirudishwa bila kusomwa, kwa kuwa siku za kukata rufaa zilikuwa zimepita wakati jibu la kwanza likiwa bado njiani.

Tangu hapo haandikii mtu. Ila kila Alhamisi Mama Bertille huja kujifunza Kiingereza, apate kuzungumza na binti yake kwa simu. Siku ya kwanza Papa Djafari alitaka kuanza na salamu.

"Salamu itangoja," Mama Bertille alisema. "Précieuse anauliza kila mara, kwa mkalimani, nitafika lini. 'Sitakuja', wanaisemaje?"

Papa Djafari akamwambia. Mama akairudia mara nyingi, mpaka ikanyooka.